Microsoft To Do jikoni: uchambuzi baada ya wiki sita za kupanga chakula cha nyumbani

Karibuni watazamaji. Leo ninachambua Microsoft To Do, programu ya orodha ya kazi ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa shughuli za ofisini, lakini mimi nimeitumia jikoni kwa wiki sita mfululizo, katika nyumba ya watu watano hapa Dar es Salaam, kupangia chakula cha kila siku na kufuatilia kilichopikwa kweli. Sijalipwa na mtu yeyote kuizungumzia, na programu yenyewe ni ya bure. Unachohitaji ni simu na akaunti ya Microsoft. Historia yake ni fupi: Microsoft iliinunua mwaka 2015 kampuni ya Berlin iliyotengeneza Wunderlist, programu ya orodha ya kazi iliyoitangulia hii, To Do ikatoka mwaka 2017, na Wunderlist ikafungwa rasmi Mei 2020.

Wiki ya kwanza niliitumia vibaya. Niliandika majina ya vyakula: Jumatatu ugali na dagaa, Jumatano wali na maharage, Ijumaa pilau. Orodha ilipendeza machoni lakini haikumsaidia mtu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesahau kwamba Jumatano ni siku ya maharage. Kinachotushinda ni kufika nyumbani saa kumi na mbili jioni na kuyakuta maharage yangali kwenye kopo, makavu kama yalivyotoka sokoni. Tangu wiki ya pili nikaacha kuandika chakula, nikawa ninaandika kazi inayokitangulia chakula, na hapo ndipo programu ilipoanza kunifaa.

Tazameni kwenye skrini. Hii ni kazi inayoitwa "Loweka maharage", imepangiwa Jumanne, inajirudia kila wiki, na kikumbusho chake kiko saa tatu usiku. Chini yake ipo kazi nyingine kabisa, "Chemsha na kuunga maharage", ya Jumatano jioni, na ndani yake nimeweka hatua ndogo ndogo: kukuna nazi, kukatakata vitunguu, kuosha mchele. Mtauliza kwa nini kuloweka hakukuwa hatua mojawapo ndani ya kazi hii ya pili. Sababu ni kwamba katika To Do hatua haiwezi kuwa na tarehe yake wala kikumbusho chake; kikumbusho ni cha kazi nzima. Kwa hiyo lolote linalofanyika siku nyingine, iwe ni kuloweka, kutoa nyama kwenye friza au kuagiza samaki, lazima liwe kazi inayojitegemea. Atakayelijua hilo mapema ataokoa wiki nzima ya kupanga na kupangua.

Kuhusu saa, naomba mnisikilize kwa makini. Nilimwambia kijana wangu aweke kikumbusho cha saa tatu usiku, naye kwa utiifu akaandika tatu na kuchagua upande wa usiku wa manane, na simu ikaniamsha saa tisa. Maharage yalilowekwa, sikatai. Tangu siku hiyo simu zote za nyumbani zinasoma saa 24, na saa tatu usiku inaandikwa 21:00 bila mjadala.

Ukurasa unaoitwa My Day ndio ninaoupenda zaidi. Kila usiku hujifuta, na asubuhi unachagua upya kazi za siku hiyo kutoka kwenye orodha zako, huku zile ambazo hazikukamilika jana zikibaki salama katika orodha zilikotoka. Jiko nalo ndivyo linavyokwenda, maana chakula cha jana hakina deni la leo.

Tatizo liko kwenye kazi zinazojirudia. Kazi inayofuata haizaliwi mpaka hii ya sasa uiwekee alama kwamba imekamilika. Ikiwa Jumanne mmerudi mmechoka na mkala kwa mama ntilie, kazi ya Jumanne itabaki palepale na tarehe yake itageuka nyekundu. Kwa ripoti ya ofisini huo ni utaratibu mzuri, kwa kuwa ripoti iliyochelewa bado inadaiwa. Lakini hakuna anayedaiwa chakula cha jioni cha Jumanne iliyopita. Ukiifuta, mfululizo wote unaondoka nayo. Ukiiwekea alama, kumbukumbu zako zinasema mlipika wakati hamkupika.

Mimi nimelitatua kwa kutenganisha mpango na kumbukumbu. Nimefungua orodha ya pili, "Tulichokula", isiyo na kazi hata moja inayojirudia. Baada ya chakula cha jioni ninaandika mstari mmoja wa kilicholiwa kweli, ninauwekea alama, nao unashuka chini pamoja na iliyokamilika. Hapo ndipo nilipogundua kwamba katika wiki sita tumekula mchicha mara nyingi mno, ilhali kisamvu, ambacho sisi sote tunadai kukipenda, kimepikwa mara mbili tu. Hesabu hiyo niliifanya kwa kidole, mstari kwa mstari, kwa kuwa programu haijumlishi chochote na haijui kitu kuhusu wanga wala sukari. Anayefuatilia kisukari au uzito kwa maelekezo ya daktari asiitegemee.

Orodha inaweza kushirikishwa kwa kiungo, na kila aliyejiunga anaongeza, anarekebisha na kuweka alama, ilimradi naye ana akaunti. Kwetu jambo hilo liligonga mwamba kwa namna nyepesi: dada anayetusaidia kupika mchana anatumia simu ya kitochi. Kila Jumapili ninanakili kazi zake kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friji, na kusema kweli karatasi hiyo inasomwa na watu wengi kuliko orodha ya kwenye simu.

Kwa mwenye nyumba inayopika vyakula vya kuandaliwa tangu jana, ninaipendekeza bila kusita. Kwa anayeishi peke yake na kununua chipsi jioni, haina kazi. Mimi wiki hii nimeiongezea jambo moja, yaani mtungi wa gesi, ambao kwetu humalizika baada ya wiki tano hivi na daima sufuria ikiwa bado jikoni. Kikumbusho nimekiweka kirudi kila baada ya siku 30.