Tahadhari: Muuza Spea wa Malindi Aliyenifanya Mjinga kwa Koili ya Pikipiki

Ndugu zangu waendesha pikipiki wa Malindi, Mambrui, Gede na Watamu, ninaandika haya kwa hasira, na aibu yangu ni kubwa kuliko hasira yenyewe, kwa sababu aliyetapeliwa ni mtu ambaye kila mwaka husimama mbele ya Kidato cha Nne akifundisha jinsi sumaku inavyozalisha umeme. Jina la duka sitaliandika hapa kabla malalamiko yangu hayajafika panapostahili.

Jumatatu pikipiki yangu ilianza kukohoa nilipokuwa nikitoka Mambrui, ikazimika mara mbili kabla ya daraja la Sabaki, na mara ya tatu ikakataa kabisa, hata kijana mmoja wa bodaboda akanihurumia na kunisukuma kwa mguu wake hadi mjini. Nilifika dukani kwa yule bwana nimelowa jasho, suruali imejaa vumbi, na ninadhani alipima hali yangu kabla hajaipima pikipiki.

Alinipokea kwa heshima. “Shikamoo, mwalimu wangu,” aliniambia, kisha akanikumbusha kwamba nilimfundisha mdogo wake, jambo ambalo ni kweli. Akanipa kiti kivulini na maji baridi. Adhuhuri ilipoadhiniwa aliweka spana chini akaenda msikitini, nami nikabaki nikimlindia duka na kujiambia kwamba mtu wa namna hii hawezi kumdhulumu mwenzake. Ninayaeleza haya ili msinicheke haraka. Hakuniita barabarani na kunivuta shati; mimi ndiye niliyemwendea, na yeye akanistahi.

Aliporudi alifungua plagi, kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini, akaichomeka kwenye kofia yake iliyo mwishoni mwa waya, kisha akaishika kwa kitambaa kikavu juu ya kiti cha pikipiki na kuniambia nipige kiki. Nikapiga. “Unaona cheche, mwalimu?” Sikuona. Akaniambia nipige tena, nikapiga mara tatu kwa nguvu zangu zote huku nimeinama kama mtu anayetafuta sindano, na plagi ikabaki kimya. Akatikisa kichwa kwa huzuni na kusema, “Koili imekufa hii, haina hata roho.” Koili ndiyo inayoipa plagi umeme wa cheche. Akaingia ndani, akatoka na kasha jipya, akafunga koili iliyokuwa nyeusi tititi na yenye kung’aa. Safari hii, akiwa bado anazungumza nami habari za mdogo wake, aliilaza ile plagi juu ya chuma cha injini. Nikapiga kiki mara moja tu, cheche ya buluu ikaruka kwa mlio. Nilifurahi kama mtoto. Karibu nimpigie makofi.

Ninyi mliosoma mnaona tayari kilichofanyika, na mimi nilikiona siku tatu baadaye. Ndani ya koili mna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma: wa kwanza ni mnene na wenye mizunguko michache, wa pili ni mwembamba kama unywele na wenye maelfu ya mizunguko. Katika pikipiki kama yangu, kile kisanduku cha CDI, yaani cha kielektroniki kinachoendesha cheche, huhifadhi umeme wa volti mia kadhaa, kisha huumwaga kwa ghafla katika waya mnene. Uga wa sumaku hubadilika kwa kasi, na waya mwembamba hutoa volti zaidi ya 10,000, za kutosha kuruka pengo la plagi lisilofika milimita 1. Lakini umeme huo hauruki bila njia ya kurudia. Njia yenyewe ni mwili wa plagi unapogusa chuma cha injini. Ukiishika plagi kwa kitambaa juu ya kiti, njia imekatika, na hata koili iliyotoka kiwandani jana haitakuonyesha cheche. Ubaya zaidi ni kwamba umeme unaokosa njia hutafuta upenyo ndani ya koili na unaweza kutoboa kihami chake, kwa hiyo huenda mchezo wake uliidhuru koili iliyokuwa salama ili aitangaze kuwa imekufa. Mzunguko uliokatika haupitishi mkondo: hilo mwanafunzi huliandika katika daftari lake la kwanza la umeme, nami nilisimama pale nikitikisa kichwa kwa kukubali.

Nilimlipa shilingi 2,500 kwa M-Pesa, kwenye nambari yake binafsi. Nilipoulizia risiti alicheka na kusema, “Risiti ya nini baina yetu, mwalimu?” Nikaona haya kuirudia. Kisha akaishika koili yangu ya zamani na kuniambia, “Hii niachie nikaitupe, isikuchafulie mkoba,” nami nikamshukuru. Nikamshukuru!

Alhamisi nilimpakia mke wangu kwenda Gede, jua likiwa kali. Pikipiki ilikwenda vizuri mpaka injini iliposhika moto, ikaanza kukatakata, kisha ikazimika. Tulikaa chini ya mwembe dakika kama ishirini, ikapoa, ikawaka kwa kiki ya kwanza, ikatupeleka kilomita chache na kuzimika tena. Mke wangu aliniuliza swali moja tu, “Hii ndiyo mpya?” na hakusema neno jingine hadi tulipofika.

Fundi mzee wa Maweni ndiye aliyenifungua macho, naye aliikwaruza ile koili kwa ukucha tu. Rangi ilibanduka, chini yake mkawa na kutu ya miaka. Aliipima kwa mita ikiwa baridi, waya wa pili ukaonyesha maelfu ya ohmu kama inavyotakiwa. Akaipasha moto kidogo na kuipima tena, mita haikuonyesha njia yoyote. Waya umekatika ndani, akanieleza, na joto likiutanua, ncha zake huachana. Ukipoa hugusana, na ndiyo sababu pikipiki huzimika na kufufuka. Na ugonjwa wa Jumatatu? Kofia ya plagi. Chumvi ya bahari ilikuwa imeota ukijani ndani yake. Alikata kipande kidogo cha waya uliochakaa, akaweka kofia ya shilingi 150, na kwa maneno yake koili yangu ya awali pengine ingenizika mimi kwanza.

Mzee huyo anasema koili haina kilomita za kubadilishiwa kama oili. Hubadilishwa inapothibitika kwa mita, ikiwa baridi na ikiwa moto, kwamba vipimo vyake havilingani na vya kitabu cha pikipiki hiyo, na baada ya kujaribu plagi nyingine, kofia, waya, viungio na bolti inayoishika koili kwenye fremu, ambayo huku kwetu pwani huliwa na kutu na kuharibu mkondo wa kurudi. Dalili za huyu tapeli ni kasha lenye jina la kampuni lililokosewa herufi, rangi iliyopakwa hadi ndani ya tundu za bolti, na ile haraka ya kutaka abaki na kifaa cha zamani. Nyingine nikizikumbuka nitaziongeza. Kwa sasa damu inanichemka.

Kwa maana mtu huyu hastahili kuonywa na kuachwa. Tuna Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008, tuna Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, na Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kufidiwa anapopata hasara. Basi sheria hizo zitumike. Serikali ya Kaunti ya Kilifi impokonye leseni, kasha zake zifunguliwe moja moja hadharani, na arudishe fedha za kila kijana wa bodaboda aliyelala njaa kwa sababu chombo chake kilizimika njiani na abiria. Akitaka kuniita mchongezi, na aniite. Nitaandamana na fundi wa Maweni na ile koili mkononi.

Mliotapeliwa naye, tunzeni ujumbe wa M-Pesa na msikitupe kifaa alichowauzia. Na yeyote atakayeuziwa koili iliyozungushiwa utepe mwekundu karibu na waya wa plagi, yenye tundu moja la bolti lililopanuliwa kwa tupa kuelekea kushoto, anijulishe kabla hajaifunga, kwa sababu hiyo ni yangu, na tundu hilo alilipanua shemeji yangu mbele ya macho yangu.