Pawatila isiyowaka: achana na injini kwanza, fungua boliti ya giaboksi

Kila vuli ikikaribia, simu yangu inajaa picha za pawatila zilizokufa, yale matrekta madogo ya magurudumu mawili yanayoongozwa kwa mikono. Majaruba ya Magu, Misungwi na Kwimba yanataka kuvurugwa, na kila mwenye akiba kidogo ameshaonyeshwa moja iliyolala nyuma ya gereji fulani hapa Mwanza, Igoma au Buhongwa. Swali huwa lile lile: "Dada, muuzaji anasema haiwaki kwa sababu ya nozo tu. Ninunue?" Halafu zinafuata picha za injini. Injini kwa ubavu, injini kwa juu, injini na fundi kaishika bega. Picha ya chini ya giaboksi haiji kamwe.

Matairi sitayazungumzia, wala rangi, wala visu vya rotari, ile sehemu ya nyuma inayozunguka na kukatakata udongo. Tairi lililoisha linaonekana na kila mtu, na visu vinauzwa. Hata injini yenyewe sioni kwa nini inawanyima watu usingizi. Injini za silinda moja za aina ya S195 ndizo zinazosaga mahindi vijijini na kuzungusha makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kule Geita. Ringi, laina, nozo na gasketi zake hazihitaji kuagizwa Dar. Ikishindikana kabisa, unalegeza boliti za kitako, unavua mikanda, unashusha nzima na kupandisha nyingine. Giaboksi haina bahati hiyo. Haifungwi kwenye mashine ya kusaga wala kwenye karasha, na ikiharibika unabaki kutafuta maiti nyingine ya aina ile ile uing'oe yake, ambayo huenda nayo imekufa kwa ugonjwa huo huo.

Ugonjwa wenyewe ni maji.

Pawatila hufanya kazi ikiwa imezama. Kwenye jaruba ekseli iko ndani ya tope, na mhimili wa rotari nao unazungukia humo humo. Kinachotenganisha tope na oili ni sili, kipande cha mpira chenye mdomo mwembamba unaosugua chuma kinachozunguka. Mdomo ukichanika, oili inavuja na maji yanaingia. Kibaya zaidi, giaboksi iliyopata moto ikizamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuyavuta maji kupitia pale pale palipochanika. Ndiyo maana inanikera ile tabia ya kumaliza kulima na kuiendesha mashine moja kwa moja mpaka ziwani kuiosha. Na sisi wa kando ya ziwa tuna adui wa ziada, nyuzi za nyavu. Vipande vya nyavu za timba vilivyotupwa ovyo vinajizungusha kwenye ekseli, vinajikaza kila gurudumu likizunguka, mpaka vinapenya chini ya mdomo wa sili. Dereva hajui lolote. Anaona tu msimu unaofuata gia zinalia.

Kwa hiyo nenda asubuhi, mashine ikiwa haijasogezwa usiku kucha. Beba spana na chupa inayopitisha mwanga. Tafuta boliti ya kumwagia oili chini ya giaboksi, ilegeze taratibu bila kuitoa, na ukinge matone ya kwanza. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia. Yakitoka maji matupu, rudisha boliti, shukuru, nenda nyumbani. Ikitoka oili yenye rangi ya chai ya maziwa, maji yameshasagwa pamoja na oili kwa muda, na beringi zimekuwa zikizunguka ndani ya mchanganyiko huo. Ikitoka oili nyeusi, nzito, inayonuka gia, hapo kuna mashine ya kuzungumzia bei. Na ikitoka oili safi inayong'aa kwenye pawatila ambayo muuzaji anaapa haijaguswa tangu mwaka juzi, ujue imewekwa kwa heshima yako.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowapata wengi. Dawa yake ni kufungua kifuniko cha kujazia, kuingiza kidole na kupapasa ukuta wa ndani upande wa juu, juu ya usawa wa oili. Oili mpya haifuti kutu ya kule. Mulika na tochi ya simu uangalie gia ya juu. Madoa mekundu kwenye meno ya gia yana maelezo mengi kuliko aliyonayo muuzaji.

Halafu ekseli. Inua upande mmoja kwa jeki, shika gurudumu, lipandishe na ulishushe. Likicheza, beringi imekwisha, na sili mpya ukiivisha hapo haitakaa, kwa sababu mhimili unaoyumba unaupanua mdomo wake. Kwangua tope lililoganda, kisha upitishe ukucha pale mdomo wa sili unaposugua. Ukucha ukikwama kwenye kamfereji, ekseli inabidi iende kwa mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma, ivishwe bushi. Wakerezaji wapo, Nyakato hutawakosa, ila gharama hiyo itoke kwenye bei ya muuzaji, isitoke mfukoni mwako. Rudia hivyo hivyo kwenye mhimili wa rotari, pande zote mbili. Pale watu hawainami kwa sababu kuna matope. Inama.

Gia unaweza kuzijaribu bila injini. Mwenzako aingize gia moja baada ya nyingine, wewe unazungusha puli ya klachi kwa mkono na kusikiliza. Kisha mashine ikiwa kwenye gia, kamata kishikio cha kukatia kona cha kushoto na uisukume mashine. Gurudumu la upande huo liwe huru. Fanya na kulia. Kama hakuna kinachoachia, kumeng'ang'ania ndani, na mara nyingi aliyeng'ang'aniza ni yule yule, maji.

Sasa injini, kwa ufupi. Shika kile kiwiko cha kutoa kompresheni, zungusha hendeli, kisha achia kiwiko. Ikikuzuia kwa nguvu, kuna uhai. Ikiendelea kuzunguka kiulaini, ringi au valvu zimeisha, weka hesabu ya ovahoo, yaani kuifumua na kuitengeneza upya. Isipozunguka kabisa, uwezekano mkubwa pistoni imeganda. Injini hizi za hopa, yaani tangi la maji lililo juu yake, hujipoza kwa maji yanayochemka na kupungua, na dereva akisahau kuongeza, basi.

Kwa upande wa aina, sifichi upendeleo wangu. Kubota iliyokufa yenye giaboksi kavu, yaani isiyoingia maji, naichukua mbele ya Mchina anayewaka. Chukua injini ya Kubota RT140 inayotengenezwa Thailand. Ina sentimita za ujazo 709 na inafika nguvu farasi 14. S195 ya Kichina ina 815 na inatoa 12, huku ikiwa nzito zaidi, karibu kilo 150 peke yake. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaonata, kila kilo unayoipunguza mbele ni tope ambalo mashine haitazama. Na chuma cha Kubota kimekaa vizuri, mafuniko yanafunga, sili inaingia mahali pake bila nyundo. Tahadhari ni moja. Rangi ya chungwa inauzwa kwa kopo na stika inachapwa popote. Usisome stika, tafuta jina lililosubiwa kwenye chuma chenyewe na kibati chenye namba.

Nafasi ya pili ni pawatila ya Kichina ya S195, kwa sababu ya spea zake tu. Giaboksi yake ikiwa kavu, nunua bila aibu, lakini kwa bei ya giaboksi na siyo bei ya pawatila.

Na hapa kwenye bei ndipo damu inaponichemka. Dalali wa Mwanza haanzi na kilichopo mbele yako. Anaanza na bei ya mpya dukani, anakata kidogo, anaita hiyo ni huruma. "Mayu, nimekuheshimu tu." Umeheshimu nini, wakati kitu hakitembei? Baba yangu mdogo wa Magu alilipa karibu bei ya inayolima kwa mashine iliyobebwa na vijana sita kupandishwa kwenye kirikuu, na giaboksi ilipofunguliwa tukaona chura angeweza kuishi humo. Siku hizi amerudi kwa maksai wake na hataki tumkumbushe. Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009 pawatila zilimwagika mawilayani, na zile zilizoshindwa na udongo wetu zimelala nyuma ya majengo miaka yote hii zikinyeshewa. Leo mtu anaifuta vumbi na kukuambia "hii ni ile ya zamani, chuma original", kana kwamba mvua huongeza thamani. Wa Sengerema nao walikuwa wanatuongezea gharama ya kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, lori linapita bila kusubiri, na bado kuna anayeitaja hiyo gharama kwenye mazungumzo.

Hesabu yangu ni hii. Jumlisha bei anayoitaka, bei ya injini nyingine ya mtumba, sili zote, beringi na gari la kubeba. Jumla isivuke nusu ya bei ya pawatila ya aina hiyo hiyo inayolima leo. Nusu nyingine ni ya yale usiyoyaona. Akikataa, mwambie akapime vyuma chakavu kwa kilo, huenda huko wakamheshimu zaidi.

Vitrekta vidogo vya magurudumu manne vya mtumba kutoka Japani, kama Kubota B7000, ni vizuri kwa mwenye bustani kubwa, lakini kikiwa kimekufa kichukue tu kama namba ya modeli inasomeka, maana spea utaagiza. Ekseli ya mbele inayovuta nayo ina sili, ikague vile vile. Vitrekta vya kukatia nyasi, vile vya kwenye mahoteli, vimeumbwa kwa nyasi. Visiingie jarubani. Vikalitiveta vya petroli, vile vidogo vya kupalilia, vilivyokufa, hapana.

Ukifikia kulipa, mauziano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, na ziandikwe namba mbili, ya injini na ya mwili wa mashine, kwa sababu injini huhama kutoka mashine moja kwenda nyingine na siku moja mwenye nayo anaweza kuja kuidai kwako. Kama kibati kimesagwa kwa grainda, mwenyekiti hatakusaidia. Hapo acha pesa mfukoni, hata giaboksi iwe kavu vipi.