Mbegu za lotasi "ya buluu": niliambiwa hata magugu kwangu hayaoti

Nyota moja. Nasema mapema ili asiye na muda asihangaike, ingawa nikifika katikati huenda nikabadilisha, maana habari hii imenichanganya.

Nina bwawa dogo nyuma ya nyumba. Nililichimba mwenyewe kwa koleo, nikatandaza mchanga chini ili mawe yasije yakatoboa turubai, nikajaza maji, nikatia samaki wachache wa mapambo, basi kila jioni nikawa navuta kiti na kulitazama kama mtoto mchanga. Lilikosa maua tu. Ndipo nikaona tangazo la mbegu za lotasi. Ua kwenye picha lilikuwa la buluu, buluu ya wino kabisa, limesimama juu ya maji peke yake. Nikaagiza palepale. Sikuuliza swali hata moja, na kosa hilo ni langu, msinikumbushe.

Pakiti ilikuja na mbegu kumi na kijikaratasi cha maelekezo. Maelekezo yenyewe mistari minne, na nimeisoma mara nyingi hata naweza kuikariri nikiwa usingizini. Tawanya mbegu majini. Hakikisha kuna jua. Subiri. Furahia maua yako.

Nikatawanya. Saba zikazama, tatu zikaelea. Nikasubiri.

Jamani, nilisubiri. Wiki ya kwanza nilikuwa nachuchumaa pembeni ya bwawa kila asubuhi na tochi, kana kwamba lotasi huota kwa kuviziwa. Wiki ya tatu mume wangu akaacha kuuliza. Kilichoota ni mwani. Maji yaligeuka kijani kibichi mpaka samaki nikawa nawaona pale tu wanapopanda juu kuchukua chakula. Nikaanza kujilaumu: labda maji, labda jua, labda mkono wangu mzito. Mwezi wa pili ulipoanza kuyoyoma, nikapiga simu kwa waliouza.

Sasa hapa ndipo penye kidonda. Nilisalimia vizuri. Nikajieleza taratibu, nikasema nimefuata maelekezo yote, mbegu hazijaota hata moja, naomba ushauri. Sikudai fedha yangu. Naomba mlielewe hilo: sikudai fedha, niliomba ushauri. Kijana wa upande wa pili akavuta pumzi kama mtu aliyekatizwa usingizi, akasema, "Dada, mbegu zetu hazina tatizo. Kuna watu hata magugu wakiyapanda wao hayaoti." Halafu akacheka. Akakata simu.

Nilibaki nimeshika simu sikioni. Hata magugu! Mimi ambaye kila Jumamosi naamka kung'oa magugu mpaka kucha zinaota matope! Kama kuna kitu kinachoota kwangu bila kuombwa, ni magugu. Ningempelekea gunia zima kama ushahidi, na lingine la akiba.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikatunga majibu saba ya kumrudishia, mengine siwezi kuyaandika hapa.

Aliyeniokoa hakulipwa na mtu. Ni mama mmoja mtu mzima tunayebadilishana naye vipandikizi, ambaye bwawa lake lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Nilipomsimulia hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Ulizikwaruza?"

Nikwaruze nini?

Akaniagiza nizitafute mbegu zangu kwanza. Nikaingia bwawani na chekecheo, suruali imekunjwa hadi magotini, nikawa nachota tope na kulichuja mkono kwa mkono. Nilipata tano kati ya zile saba zilizozama. Nilimpelekea pamoja na tatu zilizoelea; hizo alizitupa pembeni bila hata kuzitazama mara mbili. Mbegu ya lotasi inayoelea mara nyingi ndani haina kitu, alisema. Kisha akachukua moja kati ya zile tano, akaigonga mezani. Ikalia *ko!* kama kokoto. Miezi karibu miwili ndani ya maji, na haikuwa imelainika hata kidogo. Haikuoza, haikuvimba, haikubadilika rangi. Akasema, "Mwanangu, hii wala haijui kama iko majini."

Ganda la mbegu ya lotasi halipitishi maji. Ndiyo kazi yake. Mbegu inaweza kukaa kwenye tope miaka na mikaka ikisubiri ganda lichakae lenyewe. Nilipofika nyumbani nilisoma zaidi, na hasira ikapanda upya: kule China, kwenye tope la ziwa lililokauka, zilichimbuliwa mbegu za lotasi za umri wa karibu miaka 1300, na zikaota. Japani nako, mwaka 1951, mtaalamu wa mimea Ichiro Oga alifukua mbegu zinazokadiriwa kuwa na miaka kama 2000. Moja ikakua, na mwaka uliofuata ikatoa ua. Sasa wewe unamwuzia mtu mbegu yenye subira ya namna hiyo, halafu unamwandikia "subiri"? Nisubiri hadi lini, ndugu yangu? Mpaka vitukuu wangu wachimbue bwawa?

Mstari mmoja tu ulikosekana kwenye kile kijikaratasi. Kwaruza ganda. Maneno mawili! Kwa "Furahia maua yako" nafasi walipata.

Basi nikakaa na kipande cha msasa. Mbegu ina ncha upande mmoja na upande wa pili ina kishimo kidogo. Mama yule aliniambia nisugue upande wa kishimo. Nilidhani ni kazi ya dakika moja. Vidole viliniuma. Ukisugua unapata unga mweusi, kisha wa kahawia, na inateleza, inaruka, inaingia chini ya kabati, unaifuata kwa magoti. Mwisho ukatokea uwazi mdogo kama kichwa cha pini, rangi ya krimu. Hapo unaacha mara moja. Ukiendelea unakula kiini chenyewe, na mbegu uliyoijeruhi kiini itaoza majini badala ya kuota. Moja niliiharibu hivyo kwa papara, sitasingizia mtu.

Nne zilizobaki nikazitia kwenye bilauri ya maji ya uvuguvugu, nikaiweka dirishani penye jua, maji nikawa nabadilisha kila siku. Kesho yake zilikuwa zimevimba karibu mara mbili. Nilimwita mume wangu aje aone mbegu zimevimba. Alikuja, akaona mbegu zimevimba, akarudi zake. Siku ya tano, kama sikosei, moja ilikuwa imepasuka na kutoa kikonyo cha kijani kilichojikunja kama ndoano. Kijani tayari, toka ndani ya ganda! Nilipiga kelele nikiwa peke yangu jikoni. Kufikia mwisho wa wiki tatu zilikuwa zimetoka. Ya nne imegoma.

Kwa hiyo hapo nilitaka kuwapa nyota tatu. Mbegu zilikuwa nzima, lazima niwe mkweli. Tatu kati ya nne si haba, tena baada ya kulala kwenye tope langu.

Lakini subirini. Nikamtumia mama yule picha ya miche, nikamwambia nangoja ua la buluu kwa hamu. Kimya kidogo. Kisha akapiga simu. "Mwanangu, lotasi ya buluu haipo."

Haipo! Lotasi ni ya waridi au nyeupe, au mchanganyiko wa hizo, na ile ya asili ya Marekani ni ya njano. Ya buluu ni yungiyungi, mmea mwingine kabisa. Alinifundisha kuzitofautisha kwa jani: jani la yungiyungi lina mpasuko unaotoka ukingoni hadi kwenye kikonyo, kama duara lililokatwa kipande. La lotasi ni duara zima, kikonyo kimeshika katikati, na tone la maji likidondokea juu yake linaviringika kama shanga. Nikakimbilia dirishani. Majani yangu yalikuwa bado madogo, lakini yako mazima, hakuna mpasuko. Lotasi halisi, basi. Mbegu za kweli, picha ya uongo. Sijui hata hiyo tuiite nini. Ukiuziwa mbuzi kwenye gunia, angalau ukifungua unategemea kukuta paka. Mimi nimekuta mbuzi, ila si yule wa kwenye picha.

Nyota mbili.

Kama kuna mwenzangu aliyekwisha kununua, kazi haijaisha kwa kuota. Mche ukishakuwa na majani mawili matatu na mizizi imeanza kuchungulia, uhamishie kwenye beseni lisilo na tundu, lenye udongo mzito wa mfinyanzi. Msiweke mboji. Mimi nilikuwa nimeshajaza beseni mboji na samadi kwa mapenzi, mama yule akaniambia niimwage: mboji inaelea, inaoza, na rutuba yote inageuka karamu ya mwani. Tena bwawa langu lilikuwa limeanikwa juani bila jani hata moja la kulitia kivuli, ndiyo maana lilikuwa kijani vile. Maji juu ya udongo yawe vidole vichache tu mwanzoni. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima kwanza klorini iruke. Na samaki wasifike hapo kabisa, maana wanadonoa majani machanga. Ua usilitegemee mwaka wa kwanza kwa mmea wa mbegu, huwa linachelewa. Haya yote nimepewa bure, na mtu aliyeniita mwanangu.

Juzi nikasema nifanye uungwana. Nikapiga tena kwa wauzaji, si kugombana, bali kuwaeleza waongeze ule mstari kwenye kijikaratasi ili wengine wasiteseke. Akapokea yuleyule. Sauti niliijua kabla hajamaliza kusema haloo. Nikamweleza kwa upole kuhusu msasa, kuhusu bilauri, kuhusu tatu zilizoota. Akanisikiliza mpaka mwisho, nikadhani leo Mungu amemgusa. Akasema, "Si nilikuambia mbegu hazina tatizo?"

Na kibaya zaidi, hakukosea.

Nimerudi kwenye nyota moja. Miche mitatu iko kwenye beseni, jani kubwa limefika upana wa kiganja changu na limelala juu ya maji. Mbegu mbili sikuzipata hata baada ya kuchuja tope mara ya pili. Ziko mahali fulani chini ya bwawa, na hazina haraka.