Pweza na kamba wa pwani katika friza ya Dodoma

Kwa wiki tatu nimenunua mazao ya bahari yaliyogandishwa katika duka moja lililo jirani na Soko la Majengo, nikayapima kwa mizani ya jikoni kabla ya kuyapika. Sisi wa Dodoma tumezoea perege na kambale wa Mtera, na tukitaka kitoweo cha baharini hatuna budi kuamini kazi iliyofanywa na kiwanda cha pwani.

Pweza amenifurahisha sana. Lebo ilisema ametoka Mafia. Alikuwa mzima, ameondolewa matumbo, wino na mdomo, na uzito wake ulikaribia gramu 900, wakati kanuni za uvuvi nchini zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500. Kwangu hili ni jambo kubwa, kwa sababu pweza hukua upesi mno, na akiachwa mwambani miezi michache tu uzito wake huongezeka maradufu. Ndiyo maana viko vijiji vya pwani vinavyofunga miamba yao kwa muda na kuifungua wakati wa maji ya bamvua. Wanaohofia ugumu wa nyama yake wajue kwamba barafu hulegeza nyuzi za nyama, hivyo pweza wa friza hahitaji kupondwa. Wangu alilainika kwa dakika 45 katika maji yake mwenyewe, kisha nikamtia tui la nazi.

Nguru alikuwa mzuri, vipande vyake vimekatwa sawasawa.

Kamba ndio walionisikitisha. Pakiti iliyoandikwa kilo 1 niliinunua kwa shilingi 30,000. Barafu ilipoyeyuka na maji kuchujika, zilibaki gramu 790, maana yake kilo ya kamba wenyewe imenigharimu karibu shilingi 38,000. Ni kweli kwamba kiwanda huwachovya kamba waliokwisha kuganda katika maji baridi ili wapate ganda jembamba la barafu linaloizuia nyama isikauke, na utaratibu huo ni mzuri kabisa, lakini ganda hilo halipaswi kuhesabiwa katika uzito anaolipia mlaji. Zaidi ya hayo, pakiti ya pili ilikuwa na bonge la barafu chini, na kamba wameshikamana, dalili kwamba waliyeyuka wakagandishwa tena, ama njiani ama umeme ulipokatika, ilhali wanatakiwa kukaa katika nyuzi 18 chini ya sifuri tangu kiwandani hadi dukani.

Mama mwenye duka alinipokea kwa heshima na kunibadilishia pakiti ya pili bila ubishi, ila kuhusu uzito alisema yeye huuza kama alivyoletewa. Pweza nitaendelea kumnunua kwake. Kamba sitawanunua tena mpaka pakiti iandikwe uzito wa nyama pasipo barafu.