Kurekodi Softboli: Karatasi ya Vijisanduku au Msimbo wa Mstari Mmoja?

Wanaorekodi softboli ya shule Kisumu na Nakuru huulizana mara kwa mara ni njia ipi iliyo bora: karatasi yenye kijisanduku kwa kila zamu ya mpigaji, au msimbo unaoandika kila tukio kwa herufi na tarakimu chache katika mstari mmoja. Zote mbili hutumia namba zile zile za nafasi za wachezaji: 1 ni mrushaji, 2 mdakaji, 3 mlinzi wa besi ya kwanza, na 6 ni yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu.

Kwenye karatasi, mpira uliookotwa na 6 akamtupia 3, mpigaji akatolewa, huandikwa 6-3 katika kijisanduku cha mpigaji, na safari ya mkimbiaji huchorwa kwenye almasi ndogo inayowakilisha besi, hivyo kocha akitupa jicho mara moja huona nani amefika wapi. Fomu, hata hivyo, sharti zichapishwe.

Msimbo, kama ule wa Retrosheet unaohifadhi rekodi za besiboli ya Marekani, huandika tukio hilo hilo 63/G, G ikionyesha mpira ulioviringika chini; nayo S8.1-3 ni pigo la besi moja lililookotwa na 8, mlinzi wa katikati ya uwanja wa nje, huku mkimbiaji wa besi ya kwanza akifika ya tatu. Hapa msimbo unanivutia kweli, kwa sababu hutosha kwenye daftari lolote, hutumwa kwa ujumbe wa simu, na huhifadhi mfuatano wa matukio ambao vijisanduku huutawanya. Udhaifu wake ni kwamba namba moja iliyokosewa haionekani upesi.

Anayemjibu kocha papo hapo uwanjani atumie karatasi. Anayekusanya mechi za muhula mzima ili azichambue, msimbo utamfaa zaidi.