Jioni ya kwanza Lubumbashi: gesti iliyonipokea toka Kasumbalesa

Niliingia Lubumbashi mwezi wa saba nikitokea Mbeya, kwa njia ya Zambia. Ukishagongewa mhuri Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, zinabaki kama kilomita 90, ila foleni ya malori ya shaba inaweza kukula mchana mzima. Ndiyo maana nilichagua gesti inayomfuata mgeni mpakani na kumwekea chakula cha jioni, vyote ndani ya bei ya chumba. Iko katikati ya mji, unaweza kutembea hadi Posta. Bei si ya chini, nasema mapema.

Dereva, baba mmoja wa makamo, ndiye aliyenifurahisha kuliko vyote. Kabla hata hatujaondoka alinikumbusha kurudisha saa nyuma, maana Tanzania iko mbele kwa saa moja. Akaniomba nimwonyeshe dola zangu. Noti yenye mpasuko mdogo tu pembeni aliitenga: dola zinapokelewa karibu kila mahali, lakini iliyochanika hakuna anayeigusa. Tukasimama kubadilisha kidogo tupate faranga za maji na vocha, basi. Tulipoingia mjini akanionyesha lile dohani refu la kiwanda cha shaba na kilima cheusi cha mabaki kando yake. Jua lilikuwa linazama. Hiyo ilitosha kuwa utalii wa siku.

Mimi nilikuwa na mpango wangu: nioge, nikimbie mtaa wa Kamalondo nikauone uwanja wa TP Mazembe kwa nje. Mama wa jikoni alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kamalondo haitakimbia, yaya. Bukari ao muchele?" Yaya huku ni dada au kaka mkubwa, na bukari ni ugali wetu.

Nikasema bukari. Wakamtuma kijana kwa mchomaji wa kona, akarudi na michopo ndani ya karatasi ya kaki iliyolowa mafuta: mbuzi wa vipande vidogo, kingo zimeungua kidogo, chumvi ya kutosha, kitunguu kibichi juu na pilipili imewekwa pembeni ujipimie mwenyewe. Pembeni lengalenga, yaani mchicha wetu, na bia ya Simba baridi inayotengenezwa humohumo mjini. Nilikula barazani nimevaa sweta. Wanaodhani Kongo yote ni joto hawajafika huku Julai. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi baridi inashuka chini ya nyuzi 10.

Sasa lawama. Umeme ulikatika nikiwa na sabuni mwilini, na maji ya moto yakaenda nao. Jenereta likawashwa chini ya dirisha langu hasa, likanguruma mpaka usiku wa manane. Blanketi lilikuwa moja, jepesi. La pili nililipata baada ya kuuliza mara mbili. Kwa bei ile hayo yasingepaswa kuombwa. Intaneti ilikuwepo kwa jina.

Nawapa nyota nne, na moja kati ya hizo ni ya dereva peke yake. Kama mko watatu au wanne na mnajua mji, chukueni teksi na gesti ya kawaida, mtaokoa pesa. Ukiwa peke yako na unafika jioni, lipa. Omba chumba cha nyuma, mbali na jenereta, na waambie blanketi la pili liwe kitandani kabla hujafika.