Simu yangu ya Android 14 kwenye kibanda cha uwakala, na ninachokisubiri kwenye sasisho lijalo

Simu ninayoitumia ni ya bei ya kati: Android 14, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 128, laini mbili. Nafanyia nayo kazi ya uwakala wa pesa hapa Mbagala, Dar es Salaam, kwa hiyo tangu asubuhi mpaka nafunga kibanda haipumziki. Kama chombo, nimeridhika nayo. Chaji inafika jioni, kioo kinasomeka hata juani, na spika inashinda kelele za bodaboda. Naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja niliyoizuia inahusu mfumo endeshi, na mfumo endeshi unarekebishika kwa sasisho, ndiyo maana naandika.

Nafuatilia masasisho ya Android kwa karibu. Toleo la 13 la mwaka 2022 liliruhusu kila programu iwe na lugha yake, nami tangu hapo WhatsApp yangu iko kwa Kiswahili huku programu nyingine zikibaki kwa Kiingereza. Toleo la 15 la mwaka 2024 lilileta sehemu ya faragha ya kufichia programu. Toleo la 16, lililotoka Juni 2025, lina taarifa zinazokuonyesha hatua kwa hatua teksi uliyoita imefika wapi. Kazi nzuri, naisifu. Lakini kile kisanduku cha menyu ya M-Pesa kinachotokea ukipiga *150*00# hakijaguswa. Kwenye simu hii kiko vilevile kama kilivyokuwa kwenye simu yangu ya kwanza ya Android, na ndicho wateja wangu wanachokitegemea kuliko programu yoyote, kwa sababu hakihitaji bando.

Shida kubwa ni namba ya siri. Mteja anayetoa hela anaandika kiasi, anaandika namba yangu ya wakala, kisha anaambiwa aweke namba ya siri, na tarakimu zake zinakaa wazi kwenye kioo, kubwa kabisa. Nyuma yake kuna foleni. Pembeni kuna kijana ameegemea nguzo. Mimi mwenyewe niko mbele yake na naziona, ingawa nimejizoesha kugeuza uso. Programu ya benki inaonyesha vidoti, simu yenyewe ukiifungua kwa namba inaonyesha vidoti, ila hapa palipo na hela za watu wengi hakuna cha kuficha. Sababu yake naielewa: mtandao unatuma maandishi matupu, yasiyozidi herufi 182 kwa mara moja, na simu haijui kama jibu linalotakiwa ni kiasi cha hela au ni siri. Sawa. Basi wampe mtumiaji uamuzi. Waweke alama ya jicho pembeni ya sehemu ya kuandikia, ukiigusa tarakimu zinageuka vidoti. Tena ingefaa zaidi kama simu ingeficha kila kitu kuanzia mwanzo, na anayetaka kuona ndiye aguse. Sidhani kama hapo inahitajika ruhusa ya kampuni ya simu wala mtambo mpya. Kisanduku ni cha simu yenyewe.

Jingine ni kwamba kisanduku hicho hakikuachii nafasi. Mama mmoja alikuja kulipia kiwanja, ana ile namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12, iko kwenye meseji. "Mwanangu, nikitoka kwenda kuisoma, menyu inapotea." Ni kweli, hata kwangu ni hivyo: ukirudi, kimeshafungwa, unaanza upya. Tukaishia kuinakili kwenye karatasi kwa kalamu, namba ambayo tayari iko ndani ya simu. Najua muda wa menyu unaamuliwa na mtandao, simu haiwezi kuurefusha. Lakini simu inaweza kukipunguza kisanduku kikakaa chini ya kioo, meseji ikaonekana juu, kama inavyofanya video ndogo wakati unachati. Inaweza pia kuiona namba iliyoko kwenye meseji ya karibuni na kukuuliza kama ndiyo unayotaka kuiweka. Simu yangu tayari inazitambua zile namba fupi za uthibitisho na kuniwekea kitufe cha kunakili. Token ya umeme wa Luku yenye tarakimu 20 haiitambui. Na token ndiyo inayosumbua watu usiku, taa zimezimika, mzee ana miwani upande mmoja na mita upande mwingine.

Ningependa pia simu itunze kumbukumbu ya majibu ya mwisho ya menyu, bila namba za siri. Muamala ukikwama katikati, mteja ananiambia "ilisema subiri", na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuonyesha ilisema nini hasa. Zile taarifa za hatua kwa hatua za Android 16 zingefaa sana hapa kuliko kwenye teksi.

Kwenye utapeli nina hamu kubwa zaidi. Kila mtu nchini anaijua ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii." Siku hizi zinakuja na nyingine zinazoiga ujumbe wa muamala neno kwa neno, na kiasi, na salio, na namba ya kumbukumbu. Tofauti ni kwamba ujumbe wa kweli hutoka kwa jina la huduma, na wa uongo hutoka kwenye namba ya mtu binafsi. Mwenye haraka hatazami juu, anatazama kiasi. Simu ingeweza kutazama kwa niaba yake na kuweka mstari mwekundu: huu unafanana na muamala, lakini umetumwa na namba ya kawaida. Google walianza mwaka 2025 kuweka kwenye programu yao ya meseji ulinzi unaotambua mazungumzo ya kitapeli, na kazi hiyo inafanyika ndani ya simu bila ujumbe kupelekwa nje. Ulianza kwa Kiingereza, kwa watu wa Marekani, Uingereza na Kanada. Ninachoomba ni huohuo kwa Kiswahili.

Kwenye wizi sina malalamiko, na nawashauri wote mfanye hivi leo: ingieni kwenye mipangilio, sehemu ya Google, tafuteni ulinzi dhidi ya wizi, washeni. Simu ikihisi imekwapuliwa na mtu anakimbia nayo au ameondoka kwa pikipiki, inajifunga yenyewe. Walianza kuijaribu Brazil mwaka 2024, na inafanya kazi kuanzia Android 10, kwa hiyo simu nyingi za mtaani zinaingia. Kilichobaki ni kwamba simu yangu mtu yeyote anaweza kuizima kwa kubonyeza kitufe, bila kuulizwa chochote. Nataka iulize namba ya siri kabla ya kuzima.

Kibodi nayo ipewe akili ya viambishi. Nikiandika "hajanitumia" au "wangetutumia" inanipigia mstari mwekundu kama nimekosea, wakati kitenzi ni "tuma" tu kimevaa nguo zake. Orodha ya maneno haitamaliza Kiswahili hata wakiijaza miaka kumi.

Yote haya hayana faida kama sasisho halifiki. Google waliahidi miaka 7 kwa Pixel 8, Samsung wakaahidi 7 kwa Galaxy S24 na 6 kwa Galaxy A16, ambayo ni simu ya mtu wa kawaida. Ulaya tangu Juni 2025 wameweka sheria inayowabana watengenezaji watoe masasisho kwa miaka isiyopungua 5. Yangu ilipata toleo moja jipya, ikanyamaza. Nalo lilikuwa na uzito wa zaidi ya GB 2, bando la watu wengi hapa likiisha hapohapo. Play Store inaruhusu programu kurushwa kutoka simu moja kwenda nyingine bila intaneti. Na sasisho la mfumo lifanywe hivyohivyo, likihakikiwa saini yake, yaani kwamba kweli limetoka kwa mtengenezaji, ili simu tatu za aina moja ndani ya nyumba zishushe mara moja. Simu ijayo sitaanza kwa kuuliza kamera. Nitamuuliza muuzaji mpaka mwaka gani itapokea ulinzi, na asipojua nitaenda duka la pili.